Mshono wa Mjomba

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Posta,
Jumapili, 16 Juni.

Mpendwa Dada,

Kabla ya lolote: kifurushi kilichofuatana na barua hii usikifungue mbele ya watu. Kipeleke chumbani kwako, funga mlango, ndipo ukate kamba. Sababu utaiona mbele. Kwa sasa niache nikusalimu kama inavyostahili.

Goti linasemaje? Uliandika kwamba linakusumbua ukipanda ngazi za wale wazee unaowatunza, na kwamba siku hizi unatanguliza mguu mmoja tu, kama mtoto anayejifunza. Wifi yako anasema usione haya kushika ukuta, ukuta hauna mdomo. Na kile kikohozi je, kimekuachia? Baridi ya huko imepungua, au bado unalala na soksi?

Huku tu wazima. Macho yangu yanadai miwani juu ya miwani, lakini mikono haijanisaliti. Presha ya wifi yako imetulia tangu aache kubishana na redio. Mjukuu wako ameanza kuota meno na anayajaribu kwa kila mtu, hana ubaguzi. Tunamwita Bosi. Analala atakapo, anaamka atakapo, na akiingia mahali sote tunasimama.

Najua umeisubiri barua hii. Ile yako ya mwezi wa nne niliipata, nikaisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Unanijua, kila jioni lazima niandike tarehe na mambo ya siku hiyo katika shajara yangu. Jioni nyingi niliandika jambo moja tu: bado sina la kumjibu Dada. Sikutaka kukuandikia nusu ya habari ukakesha na nusu iliyobaki.

Uliniomba nimshauri binti yako Swali aache masomo, amchukue mtoto, aje huko kwako ambako kazi ipo. Ulisema mwanao asije akakosa mwana na maji ya moto. Sikuuficha ujumbe wako. Nilimsomea hapahapa kwenye meza ya kukatia, neno kwa neno. Alichezea utepe wangu wa kupimia, kisha akasema: “Mwambie Mama sijamkatalia. Mwambie anisubiri hadi kamati ikae.”

Kamati yenyewe ndiyo hii. Chuo humpa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu muda wa kumaliza, na muda ukiisha lazima kamati iamue aendelee au aondoke. Miezi ile aliyokaa nyumbani na Bosi, kitovu hakijakauka, chuo kiliihesabu kana kwamba alikuwa maktaba. Mwenzake wa ofisi moja alipata mtoto mwaka huohuo, lakini yeye ni baba, hakupoteza hata asubuhi moja. Basi Swali akajikuta anakimbizana na kalenda. Asipokuwa na matokeo mkononi kamati itakapokaa mwisho wa Mei, nafasi yake inapewa mtu mwingine, na miaka yote ile inakuwa hadithi ya kumsimulia mtoto.

Na usidhani alikuwa akilegea. Idara yao haina mahali pa mama anayenyonyesha. Alikuwa anakamulia maziwa kwenye stoo ya mafagio, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja ukizuia mlango. Mfagizi aliposhika kitasa, Swali alikuwa akiita kutoka ndani kwa sauti ya ukarimu: “Kuna mtu!” Mpaka mfagizi akazoea, akawa anabisha hodi kwenye stoo yake mwenyewe.

Sasa nikueleze utafiti wenyewe, maana mimi pia nimetiwa ndani. Wewe unajua mwanao anachunguza saratani ya matiti, ila sidhani amekueleza anavyochunguza. Zahanati nyingi hazina mashine ya kupiga picha. Zina muuguzi na vidole vyake. Swali anataka kujua kama muuguzi huyo, akifundishwa vizuri, anaweza kuushika uvimbe ungali mdogo, ampeleke mama hospitali kubwa kabla mambo hayajaharibika. Ili kufundisha, chuo kilikuwa na matiti ya mpira ya mazoezi, yaliyonunuliwa mbali. Yote yalikuwa ya aina moja: madogo, magumu, yamesimama wima kama askari wa gwaride. Swali akasema wanawake wanaoingia zahanati wameshanyonyesha watoto watatu, wanne, na hakuna hata mmoja aliyesimama gwaride. Alitaka matiti ya kila umbo na kila umri. Akaleta michoro yake na vipimo, akaniuliza, “Mjomba, utaweza?”

Dada, maisha yangu yote nimeshona suti. Najua bega la mwanamume, najua kiuno chake kabla na baada ya kuoa. Lakini nilikunja mikono ya shati, nikatafuta kitambaa kinachovutika, sponji laini na pamba ya kujazia, nikaanza. Mwezi wa tatu wote meza yangu ilikuwa imejaa matiti. Bwana harusi mmoja alikuja kujaribu koti, akayaona yamepangwa mstari, akasahau mkono upi unaingia mkono upi. Yule jirani yangu fundi viatu, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko kisu chake, alisimama mlangoni, akaniambia mbele ya wateja: “Fundi, umechoka kuvalisha waume, sasa umeamua uwaundie na wake?” Wifi yako alikuwa nyuma anapiga pasi. Hakuinua hata kichwa. Alimjibu, “Ndiyo, na wako tunasubiri ulete vipimo, tukusaidie angalau upate mmoja.” Wiki nzima fundi viatu alipita upande wa pili wa barabara.

Kazi ilikuwa hivi. Nilishona titi zima kwa cherehani. Baadhi yalibaki vilevile, hayana kitu. Mengine nilifungua nafasi ndogo upande wa chini, nikasukuma shanga ndani ya sponji, huo ndio uvimbe, kisha nikafunga kwa sindano ya mkono. Kila moja lilikuwa na namba. Swali na mimi tu ndio tuliojua namba ipi ina shanga na ipi haina. Wauguzi walikuja kwa makundi, wakafundishwa kupapasa kwa ncha za vidole, pole pole, kwa duara ndogo ndogo, wasiruke sehemu. Kisha wakapimwa.

Matokeo yalikuwa mazuri mno. Wauguzi walipata karibu yote. Profesa anayemsimamia Swali, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, alitabasamu. Wifi yako alianza kutafuta nguo ya kuvaa siku ya mahafali. Nami nilitaka nikuandikie siku ileile, nikushangilie. Namshukuru Mungu stempu zilikuwa zimekwisha.

Wiki mbili kabla ya kamati kukaa, Swali aliingia hapa jioni, Bosi mgongoni, mkononi ameshika titi moja. Hakusalimu. Aliniuliza kama namba saba niliitia shanga kwa bahati mbaya. Nilifikiri kidogo, nikakumbuka. Nikamwambia namba saba haina hata moja. Nilikuwa nimekosea orodha, nimeshalifungua nitie shanga, kisha wifi yako akaniita kula, na niliporudi nikaona kosa langu, nikalifunga tupu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nililifunga vizuri kuliko mengine.

Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Akasema wauguzi wote, wote kabisa, wamesema namba saba ina uvimbe.

“Mjomba, funga macho,” aliniambia. “Shika hapa.”

Nilishika. Nikapapasa kama wanavyofundishwa. Na upande wa chini, Dada, nikakuta punje, ndogo, kaidi kama mchele mbichi. Sikuhitaji kufungua macho. Lilikuwa fundo langu.

Unakumbuka ulivyonifundisha kushika sindano, kabla sijajua hata kufunga vifungo vyangu? Ulikuwa unalowesha uzi mdomoni, unautunga, na mwisho wa mshono unarudi mara tatu palepale ndipo unakata. Ulisema mshono usiorudiwa ni ahadi ya mlevi. Nimeshona hivyo mpaka leo, na hakuna mtu aliyewahi kunirudishia suti iliyofumuka. Sasa ona: kila nilipotia shanga, nilifunga kwa fundo hilo. Yasiyo na shanga sikuyafungua, kwa hiyo hayakuwa na fundo. Vidole vya wauguzi vilijifunza haraka, na wenyewe wala hawakujua. Hawakuwa wanatafuta uvimbe. Walikuwa wanatafuta mkono wa fundi.

Swali alipitisha kidole juu yake tena na tena. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ni fundo lilelile lililokuwa kwenye pindo la sketi yake ya shule, ulilomshonea wewe usiku ule kabla hujasafiri. Alikuwa akilipapasa darasani alipokukumbuka.

Nikuambie kweli nilichomwambia. Nilimwangalia amechoka, mtoto amelala mgongoni, kamati iko mlangoni, nawe huko unasubiri. Nikamwambia, “Lakini mwanangu, nani atajua?”

Hakukasirika. Alinijibu kama mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilohilo njiani.

“Muuguzi atarudi zahanati kwake, Mjomba. Atamshika mama ambaye hana mshono. Atamwambia, nenda nyumbani, uko salama.”

Nilichukua mkasi mdogo.

Tulifumua yote. Mimi, yeye na wifi yako, siku tatu tukiwa na pamba mpaka kwenye nyusi. Hata fundi viatu alikuja, bila mzaha, akaleta mikasi yake ya ngozi akakaa akafumua. Mara hii Swali aliagiza kila titi, lenye shanga na lisilo na shanga, lifunguliwe na kufungwa kwa mkono, na fundo liwe kila mahali: juu, chini, pembeni, katikati. Mwanzoni nilidhani ni kuficha tu kosa. Akanieleza kwamba ni zaidi ya hapo. Titi la kweli si godoro jipya. Lina vijivimbe vyake vya asili, vya kawaida, visivyo na madhara, na kazi ya muuguzi ni kutofautisha cha kawaida na kigeni. Matiti yetu ya kwanza yalikuwa laini mno, yakawa yanadanganya mara mbili. Kwa hiyo lile fundo lililotuharibia ndilo tulilohitaji, ila lilikuwa peke yake.

Wauguzi wakaitwa tena. Matokeo yakaporomoka. Mmoja wao, mwenye mikono mizuri kuliko wote, alishindwa mengi akatoka nje kulia. Swali alimfuata, akamwambia aliyeshindwa si yeye, ni wale wawili walioshona na kupanga. Muda ukabaki wa mafunzo machache tu. Alama zikaanza kupanda tena, polepole, kama mgonjwa anayeomba uji. Kamati ilipokaa hazikuwa zimefika popote pa kujivunia.

Profesa alimshauri afikirie atakavyosema. Hakumwambia afiche, hata kidogo, alimwambia tu ajue anachoingia nacho. Swali akaingia nayo yote mawili: matokeo mazuri ya uongo na matokeo mabaya ya kweli, na namba saba kwenye mfuko wa plastiki. Mimi niliketi nje kwenye benchi la korido na Bosi mapajani, mlango umeachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto, kwa hiyo nilisikia.

Aliwaeleza kila kitu. Akaizungusha namba saba mkono kwa mkono, wazee wa watu wakafumba macho na kupapasa, wengine wakiona haya. Kisha mjumbe mmoja, mwenye tai na sauti ya mahubiri, akasema ana swali la kiungwana. Je, masomo ya kiwango hiki pamoja na kulea mtoto mchanga si mzigo mzito mno kwa mwanamke? Je, si uchovu wa uzazi uliosababisha kosa kama hilo?

Hata Bosi aliacha kutafuna kola yangu.

“Kosa hilo, mheshimiwa,” nilimsikia mwanao akisema kwa adabu kabisa, “alilifanya mjomba wangu. Na hajawahi kuzaa.”

Dada, yule profesa asiyecheka ovyo alicheka mpaka akavua miwani. Walicheka wote, na mwenye tai akacheka mwisho, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Mimi huko nje niliinamisha kichwa, lakini nilikuwa nimejaa fahari kama mtungi.

Walimjibu baada ya siku chache. Waliandika kwamba utafiti uendelee, kwamba kulitambua kosa lile ni kazi yenye faida kwa wengine wanaofundisha kwa njia hiyo, na kwamba ameongezewa mwaka mmoja, “kwa huruma, kutokana na hali yake ya uzazi.” Wifi yako alipiga kigelegele mpaka mteja akaja kuuliza kuna nini. Swali hakupiga. Aliisoma barua yao mara mbili, akasema atairudisha.

Nilidhani amepatwa na wazimu. Akanieleza kwa upole kwamba huruma ni ya kumpa mtu mmoja, siku moja, ukiwa na moyo mzuri. Kwenye korido yao kuna wenzake wawili walio wajawazito. Mmoja ameshaanza kufunga vitabu kwenye maboksi, anaona haya kwenda kuomba. Hao nao wasubiri huruma ya nani? Akaandika kuomba neno hilo lifutwe, iandikwe kwamba miezi ya uzazi si miezi ya masomo, kwa yeyote. Profesa aliichukua barua hiyo akaipeleka mwenyewe kwa mkono.

Majibu yalikuja Ijumaa hii. “Huruma” imefutwa. Badala yake wameandika kwamba miezi yake amerudishiwa kama haki yake. Kuhusu wengine wamesema kanuni itajadiliwa. Profesa anasema kujadili ni kujadili tu, tusichinje kuku kwa harufu ya moto. Ila yule wa maboksi amefungua boksi moja.

Kwa hiyo, Dada yangu, jibu la barua yako ndilo hili. Mwanao haji huko mwaka huu. Anabaki, anaendelea. Mtoto hajakosa mama: mchana anakula kwa wifi yako, jioni anamng’ata mama yake, na mumewe Swali akirudi safari zake za lori huwa hamwachi chini. Chumba cha maziwa bado hakijapatikana, ila mfagizi amemtafutia kiti chenye mgongo. Najua uliyosema uliyasema kwa kumpenda. Uliondoka ukiwa na hamu ya kusoma, ukaishia kusomesha, na hutaki naye achoke njiani. Lakini huyu hajachoka, Dada. Nimemwona akifumua. Mtu aliyechoka hafumui, anaficha.

Nimerudi kwenye suti zangu. Sasa natunga uzi, narudia mara tatu, nakata, na kila mara nakukumbuka na kucheka peke yangu. Wateja wanadhani ni uzee.

Sasa kifurushi. Kilichomo ndani ni titi moja kati ya yetu mapya. Swali alilichagua mwenyewe, akataka liende kwako na si kwa mtu mwingine. Lilaze mezani, fumba macho, tumia ncha za vidole vitatu, duara ndogo ndogo, usiwe na haraka. Ukishakipata kilichofichwa, mwandikie ni wapi. Atakusahihishia. Na akasema ukishazoea kitambaa, ujue cha kufanya na vidole hivyohivyo, na ukiwa na shaka yoyote uende kwa daktari wa huko, usimwulize jirani.

Wifi yako anakusalimu, anauliza kama zile soksi alizokufumia zimekutosha. Mkwe wako anakusalimu kutoka barabarani. Fundi viatu naye ameniomba nimtaje, anasema viatu vya mtu mwenye goti baya viwe na kisigino kifupi. Bosi hajui kusalimu, ametia meno kwenye pembe ya karatasi hii, utaona alama. Wasalimie wale wazee unaowapandia ngazi, na yule rafiki yako wa jikoni anayekuwekea chai.

Mungu akutunze kwenye kila ngazi, akuamshe na afya, na siku moja akurudishe tukuone ukiingia mlangoni na begi lako.

Mimi mdogo wako, akupendaye tangu ulipomfundisha kutunga uzi,
Fundi.

Hapa chini Swali ameomba nafasi aandike kwa mkono wake:

Mama, shikamoo. Chukua muda wako, hakuna kamati inayokusubiri. Kilichofichwa ni kimoja tu. Lakini ukikuta fundo lako usiseme umekipata, maana tumeliweka kila mahali.